Falsafa Binafsi ya Mkurugenzi Kirobo

Haya hayakutokea zamani sana wala mbali sana, na msomaji atakayedhani anaijua nchi yenyewe atulize moyo: haijui. Nchi inaitwa Shwari. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri hamsini na wawili, mmoja kwa kila wiki ya mwaka, na watu wake ni wapole mno kiasi kwamba ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Mwaka ule Mtukufu Mwelekezi, ambaye ndiye mkuu wa nchi, alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo na masanduku kumi na manne na wazo moja. Wazo lenyewe alilisikia dakika za mwisho, wahudumu wakiwa wameshaanza kukusanya vikombe: kwamba mahali pa kazi huugua kwa sababu ya viongozi wasiojijua, na kwamba kila kiongozi inampasa akae chini, ajiulize anaamini nini kuhusu watu anaowaongoza, kisha aishi hivyo. Ni wazo zuri. Hata wapinzani wanakiri kwamba lilipoingia nchini lilikuwa zima kabisa.

Siku tatu baadaye ukatoka Waraka Namba Tisa. Kila kiongozi wa taasisi ya umma awe na Falsafa Binafsi ya Uongozi kwa Ajili ya Mahali pa Kazi Penye Afya, ndani ya siku thelathini. Falsafa hiyo iwe yake mwenyewe, itoke moyoni mwake, na isitofautiane na kielelezo kilichoambatishwa. Kiongozi ambaye moyo wake ungetofautiana na kielelezo angesaidiwa kuutafuta mwingine.

*

Mwatumu Hamadi alikuwa msahihishaji katika Kiwanda cha Chapa cha Taifa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu ambacho Serikali ilitaka kusema, kabla haijakisema, na kuhakikisha kwamba Serikali haikosei, angalau katika tahajia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sifa yake kiwandani ilikuwa moja: hapandishi sauti. Walimpenda kwa hilo. Na wakubwa walimpenda zaidi.

Kiwanda kilikuwa na ghorofa tatu. Ya chini ndiyo ya mashine. Madirisha yake yalipigiliwa misumari tangu siku ambayo Waziri mmoja, akihutubia katika jengo la jirani, alikatizwa na mngurumo. Tangu hapo wafanyakazi walivuta hewa ileile, iliyochanganyika na wino na petroli ya kusafishia rola, na kufikia saa nane mchana kila mtu alikuwa anakohoa. Ghorofa ya juu ilikuwa ya Mkurugenzi Mkuu, Dokta Mahfudhi Kirobo, viyoyozi vyake vitatu, na ua moja kubwa lililokuwa na mtumishi wake wa kulimwagilia. Udaktari wake alitunukiwa na chuo ambacho alikizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo.

Waraka ulipofika, Dokta Kirobo alimwita Mwatumu.

"Bi. Mwatumu, kaa. Wewe ni mtu wa maneno. Nataka unisaidie jambo dogo." Akausogeza waraka mezani kwa ncha ya kidole. "Mimi naamini nini?"

"Mheshimiwa?"

"Falsafa yangu binafsi. Inatakiwa Ijumaa. Sasa nakuuliza, mimi naamini nini?"

Mwatumu alidhani ni mzaha, akangoja. Haukuwa mzaha. Basi akajaribu kumsaidia kama mtu anavyomsaidia mgeni aliyepotea mtaa.

"Pengine tuanze na wafanyakazi, Mkurugenzi. Ukishuka chini kwenye mashine, huwa unaona nini?"

"Kushuka?" Alilitamka neno hilo kama jina la mji ambao hajawahi kufika.

"Au tuseme, ungependa wafanyakazi wakukumbuke kwa jambo gani?"

Dokta Kirobo alifikiri kwa muda mrefu. "Picha yangu," akasema. "Ile kubwa, yenye kimo cha mlango."

Mwatumu alirudi chini na kalamu yake. Alikuwa mtu wa kuichukulia kazi kwa uzito, na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba aliusoma waraka akauamini. Akapita kwa wenzake, mmoja mmoja, akiwauliza: ungekuwa wewe mkurugenzi, ungeamini nini? Wengi walicheka. Mmoja alisema angeamini dirisha. Mwingine alisema angeamini kwenda chooni bila kujaza fomu.

Alipofika kwa Ngwali Faki, mkataji wa karatasi, Ngwali aliizima mashine kwanza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mtaratibu, mwenye mikono ambayo iliweza kupanga rimu nzima kwa mguso mmoja.

"Mimi ningeamini kitufe, dada Mwatumu."

"Kitufe gani?"

Akamwonyesha. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, mbali kwa makusudi, ili kisu kisishuke mpaka mkataji avibonyeze vyote kwa pamoja, na hivyo mikono yote miwili iwe nje. Kile cha kushoto kiliharibika mwaka juzi, kikawa hakishiki mpaka kikandamizwe kwa nguvu. Badala ya kukitengeneza, ofisi ilileta selotepu ya rangi ya maziwa, wakakibandika kikae kimebonyea daima. Sasa kisu kilishuka kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa huru kuwa popote, hata chini ya kisu.

"Nimewaandikia barua kumi na moja," Ngwali alisema. "Nakala zote ninazo."

"Wakajibu?"

"Mara zote. Wanasema barua yangu imepokelewa kwa moyo mkunjufu."

Mwatumu akaandika ukurasa mmoja. Aliandika kwa nafsi ya Mkurugenzi, na alipokuwa akiandika alimwonea Mkurugenzi huyo wa karatasi fahari kidogo, kwa jinsi alivyokuwa mtu mwema. *Naamini hakuna mtu anayepaswa kuacha kiungo chake kazini. Naamini barua ya mfanyakazi inajibiwa kwa bisibisi, si kwa barua nyingine. Naamini kiongozi asiyeshuka ngazi haongozi, amekaa tu. Madirisha yatafunguliwa Jumatatu.*

Dokta Kirobo aliusoma akiwa na kalamu nyekundu. Alifuta bisibisi, kwa kuwa si neno la kitaaluma. Akafuta ngazi, kwa kuwa zilimlenga mtu. Akafuta madirisha, kwa kuwa Jumatatu ni karibu. Alipomaliza, katika ukurasa mzima lilibaki neno moja, "Naamini", na nukta.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Hapo sasa tujazie cha kwenye kielelezo."

Na ndivyo ilivyozaliwa Falsafa Binafsi ya Dokta Mahfudhi Kirobo, ambayo sentensi yake ya kwanza ilisema: *Naamini katika uongozi wangu hakuna ajali, bali kuna fursa za kukua.*

*

Falsafa haikutosha kuandikwa; ilibidi ihakikiwe. Ikaja Kamati ya Uhakiki wa Falsafa Binafsi, wajumbe saba, na mjumbe wa nane wa kuwashikia wale saba mikoba. Walipita kati ya mashine leso zikiwa puani, wakihesabu tabasamu. Tabasamu la meno lilikuwa na alama mbili, la midomo mitupu alama moja.

Mwenyekiti wa Kamati alisimama mbele ya Bi. Sanura wa kitengo cha kukunja karatasi, ambaye kikohozi kilikuwa kimemkunja kuliko karatasi zenyewe.

"Mama, unajua falsafa ya Mkurugenzi wako inasema hapa ni mahali penye afya?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Na hicho kikohozi kinaendana na falsafa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi kiache."

Bi. Sanura akakizuia, macho yakamtoka machozi, uso ukageuka rangi. Kamati ikaandika kwamba mfanyakazi huyo aliguswa sana. Kiwanda kikapata alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilikatwa kwa sababu picha ya Mkurugenzi ilikuwa imeinama kidogo upande wa kulia.

Mwatumu alisimama pembeni akitazama. Alikuwa na neno la kumwambia Mwenyekiti, akalimeza kama alivyozoea kumeza. Alikuwa amemeza kwa miaka kumi na tisa. Hakujua bado kwamba mahali pa kuwekea palikuwa pamejaa.

*

Kisha ikaja amri ya kitabu. Falsafa zote za viongozi wote wa Shwari, mia tatu na kumi na mbili, zichapishwe katika kitabu kimoja kiitwacho *Moyo wa Kiongozi*, kizinduliwe na Mtukufu mwenyewe. Dokta Kirobo, kwa kuwa kiwanda ni chake, akataka kuwatangulia wengine: falsafa yake itoke kwanza, peke yake, katika kijitabu, nakala elfu tano, kufikia Ijumaa.

Alhamisi saa tisa alasiri Ngwali alikuwa amesimama kwenye mashine tangu alfajiri. Alikuwa ameomba mtu wa kumpokea, akajibiwa kwamba falsafa ya Mkurugenzi inapinga uchovu. Mwatumu alikuwa hatua nne kutoka kwake, na kijitabu cha kwanza mkononi, akitafuta makosa. Aliona rundo limekaa upande. Aliona Ngwali akinyoosha mkono wa kushoto kulisawazisha, kama alivyofanya mara elfu siku ile, na mkono wa kulia, kwa mazoea ya saa kumi mfululizo, ukabonyeza.

Hapakuwa na kelele kubwa. Mashine ile ilijengwa kukata karatasi mia tano kwa mpigo, na vidole vinne havikuishughulisha. Ngwali alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akasema, taratibu kabisa, "Nimeichafua kazi," akakaa chini.

Mwatumu alivua mtandio wake akaufunga mkono ule, akaukaza mpaka vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi. Damu ilipita katikati ya nguo ikamwingia hadi kwenye mikono ya gauni. Watu walikimbia huku na huku. Dokta Kirobo aliletewa habari, akashuka ngazi hadi ya nne kutoka juu, ambako hakuna aliyewahi kumwona akifika, akainama kwenye chuma cha ngazi.

"Vijitabu vimepona?" akauliza.

Watu walikuwa wakimnyanyua Ngwali.

"Nauliza vijitabu!"

*

Hospitali ya Taifa ya Shwari ni hospitali nzuri, na ili imtibu mfanyakazi wa umma bila kumdai inahitaji barua tu ya mwajiri. Barua huandikwa kwenye fomu. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "Ajali", lakini tangu falsafa zithibitishwe kisanduku hicho kilikuwa kimeondolewa, maana kiwanda kisicho na ajali kingekitumiaje? Ofisi ya utumishi ikajaza kisanduku cha karibu yake: "Mfanyakazi amepungukiwa."

"Amepungukiwa na nini?" daktari wa zamu aliuliza, Ngwali akiwa amelazwa kwenye benchi.

"Haijasema," karani akajibu.

"Basi siwezi kujua nimtibu nini."

Mwatumu, aliyemfuata Ngwali hadi pale, aliushika mkono ule, akaunyanyua juu ya dawati la daktari. "Vidole vinne," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti, na benchi zima liligeuka. Daktari akamtibu, akaandika pembeni ya fomu kwamba amefanya hivyo kwa kulazimishwa.

Kesho yake asubuhi mezani kwa Mwatumu palikuwa na taarifa ya tukio, iliyotoka ghorofa ya juu, isahihishwe kabla ya kwenda Wizarani. Palipoandikwa "vidole vinne vilikatika" Dokta Kirobo alikuwa ameweka duara, na maelekezo kwa mkono wake: *Boresha lugha. Mf. "Alijitoa kwa hali na mali."*

Aliisoma mara tatu. Hakulia. Hasira aliyoihisi haikuwa ya moto. Ilikuwa baridi, nyoofu, ikimpanga kama Ngwali alivyokuwa akipanga rimu. Alijiuliza ni sentensi ngapi za aina hii zilikuwa zimepita chini ya kalamu yake, yeye akiziwekea mkato na herufi kubwa, zikaenda zikiwa zimenyooka. Ni watu wangapi walijitoa kwa hali na mali.

Alikwenda wodini mchana. Ngwali alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kama kichwa cha mtoto.

"Nipe zile barua," Mwatumu akamwambia.

"Unazipeleka Wizarani?"

"Nazipeleka zisomwe."

Ngwali akamtuma mkewe nyumbani, bahasha ikaja. "Chukua, dada. Ya kumi na mbili siandiki."

*

Kitabu cha *Moyo wa Kiongozi* kilikuwa na kurasa mia sita, na macho ya mwisho kukiona kabla ya mashine yalikuwa ya Mwatumu. Ukurasa wa mia mbili na saba, chini ya jina na picha ya Dokta Mahfudhi Kirobo, aliitoa falsafa iliyokuwapo. Akaweka barua za Ngwali, zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Hakubadilisha neno. Jina tu la mwandishi aliliondoa, na siku zile hakuliona jambo hilo kuwa kubwa. Kisha akamrudishia Ngwali bahasha yake, wala hakumwambia alichofanya. Alitaka iwe zawadi.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Kila kiongozi aliitwa jukwaani kusoma falsafa yake mbele ya Mtukufu. Wengi walisoma kitu kimoja, na walipigiwa makofi kwa umoja wao. Dokta Kirobo alipoitwa alipanda na kitabu, akakifungua, na kwa kuwa hakuwahi kuisoma falsafa yake hakuwa na sababu ya kushtuka.

"Mheshimiwa," alisoma kwa sauti nzito, "mimi mkataji wako wa karatasi ni mzima, hofu ni juu yako, kwani sijui kama umepata habari za mashine yangu. Kitufe cha kushoto bado hakijatengenezwa."

Mwatumu, nyuma kabisa, alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Aliona kijasho kikimtoka Dokta Kirobo juu ya mdomo. Lakini kiongozi wa Shwari hafundishwi kuacha hotuba katikati, naye akaendelea.

"Sitaki makubwa, Mheshimiwa. Nina watoto wawili na mikono miwili. Naomba uje uone mwenyewe, ni ngazi arobaini na sita tu, nimezihesabu."

Alisoma zote kumi na moja. Alipomaliza palikuwa kimya hata vipaza sauti vikasikika vikivuma. Mwatumu alingoja radi ipige.

Mtukufu Mwelekezi alisimama. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mnaona?" akasema. "Mkurugenzi mzima anajiita mkataji wa karatasi! Anajishusha, ngazi arobaini na sita! Huu ndio unyenyekevu. Na hicho kitufe cha kushoto, ndugu zangu, ni nini kama si moyo?"

Na akashika kifua chake, upande wa kushoto. Uwanja mzima ukashika vifua.

*

Ndani ya wiki mbili Dokta Kirobo alikuwa Mwanafalsafa wa Taifa. Watoto wa shule walikariri barua ya nne. Mawaziri walianza kuvaa kifungo cha fedha kwenye kola, upande wa kushoto. Ikazinduliwa Kampeni ya Kitaifa ya Kitufe cha Kushoto, yenye magari, fulana na mratibu katika kila wilaya. Kiwandani, kitufe chenyewe kilikuwa bado kimebandikwa selotepu. Hakikuwa kimeingizwa kwenye mpango wa kampeni.

Ngwali alitoka hospitali, akazisikia barua zake redioni. Alidhani wamemwelewa. Akavaa shati lake zuri, mkewe akamfunga vifungo, akaenda Wizarani na bahasha yake kueleza kwamba yeye ndiye mwandishi, na kuuliza vidole vyake vitaandikwa vipi. Walimpokea kwa heshima, wakamnywesha chai, wakamshitaki kwa wizi wa falsafa ya kiongozi.

Mwatumu alipopata habari alikwenda kwake mbio. Alimkuta amekaa kibarazani, akiwa ameachiwa kwa dhamana hadi siku ya kesi.

"Dada Mwatumu," Ngwali alisema bila kumwangalia, "barua zangu ulizipeleka wapi?"

Akamweleza. Alieleza yote: ukurasa wa mia mbili na saba, jina aliloliondoa, jinsi alivyotaka Kirobo aumbuke mbele ya nchi nzima. Sauti yake ilizidi kudidimia kadiri alivyoeleza. Alikuwa amemchukulia mtu huyu kitu cha mwisho alichobaki nacho, akampa yule aliyemchukulia vyote.

"Ungeniuliza," Ngwali akasema.

Mwatumu aliondoka akitembea kwa miguu, na njia nzima hasira yake, iliyokuwa ya Kirobo, ilimgeukia yeye, na aliiacha imgeukie.

*

Baraza la Umiliki wa Fikra lilikuwa na mwenyekiti mmoja, mzee mnene aliyevaa kifungo cha fedha. Ngwali alisimama upande mmoja. Dokta Kirobo alikaa upande mwingine, kwenye kiti kilicholetwa na gari lake.

Mwatumu hakungoja kuitwa. "Barua ni za Ngwali Faki. Mimi ndiye niliyeziweka kitabuni chini ya jina lisilo lake. Nimefanya kosa, nimekuja kulisahihisha. Ndiyo kazi yangu."

"Mama, unafahamu kwamba unajifukuza kazi?"

"Nafahamu."

"Ushahidi unao?"

"Ninalo swali moja kwa Mkurugenzi."

Mwenyekiti akaruhusu, kwa udadisi zaidi kuliko kwa sheria.

"Mkurugenzi," Mwatumu akasema, "hizo barua umezisoma uwanjani mbele ya watu elfu arobaini. Kitufe kibovu kiko kwenye mashine gani?"

Dokta Kirobo alitabasamu. "Swali hilo ni dogo mno kwa falsafa yenyewe. Kitufe kiko katika kila mmoja wetu."

"Kiwandani kwako. Mashine gani? Mtu akikibonyeza kinafanya nini?"

"Kina... kinawasha."

"Kinawasha nini?"

"Umeme kwa jumla." Akageuka kumtazama mwanasheria wake. Mwanasheria alikuwa anatazama dari.

"Umezisoma zote kumi na moja," Mwatumu alisema, na sasa sauti ilipanda yenyewe bila kuombwa, "kwa mdomo wako, na hata hujui mtu alikuwa anakuomba nini! Kijana huyu hapa alikuwa anakuomba umwachie mkono wake!"

Mwenyekiti aliomba nusu saa, akapiga simu mbili, akarudi na hukumu. Kwa kuwa mshitakiwa ameandika bila kibali cha kufikiri, na kwa kuwa Mkurugenzi amefikiri bila kuandika, falsafa hiyo haina mwenyewe na inataifishwa. Mashitaka yamefutwa. Mama aliyeingilia kati aachishwe kazi kwa upendo. Kitabu kichapishwe upya mara moja, na mwandishi awe Taifa.

*

Barua ya kuachishwa kwa upendo ilimfikia Mwatumu Jumatatu asubuhi. Aliikuta na makosa mawili ya tahajia, akayaacha. Akashuka kwenye mashine kuaga.

Pale kwenye mashine ya kukatia alisimamishwa mtu mpya, binti mmoja aliyehamishwa kutoka stoo aitwaye Siwema, na rundo la kurasa za toleo jipya lilikuwa limeshawekwa mbele yake. Alikuwa akijaribu kulisukuma kwa ncha za vidole. Mwatumu alimtazama, akatazama ile selotepu, akaiweka barua yake chini. Akaingiza ukucha chini ya selotepu, akaivuta, ikatoka yote kwa mkupuo. Kitufe kilichokufa kikalegea. Mashine haikukubali tena kukata.

Msimamizi wa zamu akapaza sauti. "Nani ana selotepu nyingine? Bi. Sanura, bandika hapo!"

Bi. Sanura alikohoa, akakohoa kwa nafasi yake yote, bila kukizuia. "Bandika wewe," akasema.

Msimamizi akamwendea mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wapole, watu wa Shwari. Wengine waliomba radhi. Lakini hakuna aliyebandika, na mashine nyingine nazo zikazimwa moja baada ya moja, mpaka kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi wakasikiana wanavyopumua. Mtu mmoja akatafuta nyundo, akaanza kung'oa misumari kwenye dirisha.

Saa nne Ngwali aliingia. Alikuwa amepelekewa habari. Alisimama karibu na Mwatumu, hakumsalimu, lakini alisimama karibu naye.

Saa tano Dokta Kirobo akashuka. Alishuka ngazi zote arobaini na sita, akishika chuma, akihema, kwa kuwa toleo la Taifa lilitakiwa Ikulu jioni na simu ilikuwa imepigwa kutoka juu zaidi yake. Alikuwa na selotepu mkononi. Aliibandika mwenyewe, vibaya, imekunjamana.

"Kata," akamwambia Siwema.

Siwema akarudi nyuma.

"Nimesema kata! Kuna ugumu gani hapa? Ni kubonyeza tu!"

"Basi kata wewe, Mkurugenzi," Ngwali akasema. Alisema kwa utulivu uleule wa siku zote. "Rundo halijakaa sawa. Unalisukuma kwa mkono wa kushoto, hapa, chini ya kisu. Halafu unabonyeza kwa wa kulia. Mimi nilikuwa nafanya hivyo mara elfu kwa siku."

Na akanyoosha mkono wake wa kushoto kumwonyesha mahali penyewe.

Dokta Kirobo alitazama kisu. Alitazama mkono ule, kidole gumba kimoja na ngozi mpya iliyong'aa. Watu sitini walikuwa wakimwangalia, na hakuna aliyetabasamu, si kwa meno wala kwa midomo. Taratibu, kama mtu aliyehisi baridi ghafla, aliingiza mikono yake yote miwili mifukoni.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilibidi waliokuwa nyuma waulize amesema nini, "Mwiteni fundi."

Fundi alitoka karakana iliyoko ng'ambo ya barabara, mzee mwenye ovaroli na kisanduku cha vifaa. Alifungua skrubu mbili, akatoa waya uliooza, akaweka mwingine, akafunga. Akabonyeza kulia peke yake: kimya. Kushoto peke yake: kimya. Vyote viwili: kisu kikashuka. Kazi nzima ilimchukua dakika ishirini, na kumi kati ya hizo alikuwa akinywa chai aliyopewa na Siwema.

"Kitu kidogo tu hiki," alisema akifuta mikono, akiwaangalia mmoja mmoja kwa mshangao wa mtu asiye na habari. "Mimi niko hapo mbele kila siku. Kwa nini hamkuniita mapema?"

Mwatumu alifungua mdomo amjibu. Ngwali alikuwa ameshageuka, anatembea kuelekea mlangoni, na yeye akaacha kila kitu akamfuata.